Taa za Safu ya Sita

9 Februari

Mjomba wangu Ngazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mkaza mjomba naye goti limepunguza kumsumbua. Sisi huku hatujambo. Nimezoea kuandika "sisi", lakini nyumba imebaki na mimi peke yangu. Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimeliziba. Jirani yetu mchomeleaji, yule Cheche, amepata mtoto wa nne, na amekonda kuliko mke wake aliyejifungua.

Nilikupigia simu mara nne. Mara zote mkaza mjomba anasema uko bafuni. Mjomba, hakuna anayeoga hivyo isipokuwa samaki. Nikaona niandike tu, kwa sababu barua haiwezi kuambiwa uko bafuni.

Mama anatimiza miezi mitano tangu atuache. Sikuandikii kukulaumu kwamba hukuja kumzika. Nina shida, na katika ukoo wetu anayeweza kunisaidia ni wewe.

Unazijua nyanya zake. Wauzaji wa sokoni walimwita Mama Vidole Nane, na nyanya nazo wakaziita Vidole Nane. Yeye hakujali. Alisema mashine ilimchukua viwili ikamwachia vinane, hesabu hiyo haikumuumiza. Miaka kumi na minane alichagua mbegu zake mwenyewe. Kila msimu alifunga utepe wa kitambaa kwenye shina lililomridhisha, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kuchuma, hata awe mgonjwa. Ndizo zile zisizopasuka mvua ikizidi, na ukiziweka rafuni zinakaa wiki tatu bila kulainika.

Mwaka jana alipolazwa hospitali, mimi nilizipanda nje, shamba wazi. Nzi weupe wakaleta ugonjwa wa kukunja majani, nikang'oa zote nikazichoma. Waliowahi kupewa mbegu na mama wameshaziacha, wanapanda za pakiti. Nimepita nyumba kwa nyumba kuuliza. Zilizobaki ni zile za kwenye kifuniko cha kopo lake la poda. Ni mbegu sitini na moja, za miaka minne iliyopita, na mama alikuwa akisema mbegu ya nyanya ikiingia mwaka wa tano uanze kuiomba radhi. Nisipoziotesha msimu huu, zimekwisha.

Kitalu nyumba alichokijenga kina wavu mzuri, nzi haingii. Tatizo ni mwanga. Ghala la jirani limeongezwa ghorofa tatu, na ukuta wake umekaa upande wa mashariki kama mtu aliyesimama mlangoni huku anaongea na simu. Jua linanifikia saa sita mchana, na miezi hii ya mawingu halifiki kabisa. Nilijaribu kwanza kwa mbegu za dukani. Miche ikarefuka, ikawa myembamba kama uzi, ikalala.

Sasa sikiliza. Kile kiwanda cha nguo mlichofanyia kazi wewe na mama kinabomolewa. Nilikwenda kumwona msimamizi wa ubomoaji, nikamwomba taa. Akanipa nane, zile kubwa zenye kofia za bati, akasema hata wanunuzi wa vyuma chakavu wanazikimbia kwa uzito. Zimekaa sebuleni kama wageni waliosusa chakula. Wewe uliziangalia miaka kumi na moja. Nataka zioteshe nyanya. Nieleze niondoe nini, nibakize nini, na nizitundike vipi. Cheche anasema anaweza, lakini ukibonyeza kengele ya mlangoni kwa Cheche, inawaka redio.

Nasubiri.

Mpwa wako

—

2 Machi

Bi Maswali,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mkaza mjomba wako linapona siku za kazi na kuuma siku za kupumzika, kwa hiyo ni goti la mtu mwenye akili. Mimi bado niko kwenye kituo cha pampu za maji. Mota tatu ni zangu, moja ina kiburi. Kuhusu bafuni, maji ya huku ni machache, mtu huoga taratibu.

Tuje kwenye taa.

Balbu zilizomo ndani usizitumie. Zina zebaki, na kila moja inakula umeme wa nyumba nzima. Ukiwasha nane, mita yako itayeyuka. Zifungue polepole, usizivunje, zifunge kwenye magazeti na uziweke mbali na watu mpaka upate pa kuzipeleka.

Nyuma ya kofia kuna sanduku la chuma. Ndani yake kuna choki, ile nzito kama tofali, na kapasita, kopo dogo la duara. Kapasita uiogope. Hata ikiwa imekaa mwaka mzima inaweza kuwa na umeme ndani, kama mtu mpole aliyenuna. Igusishe miguu yake yote miwili kwa bisibisi yenye mpini wa mpira kabla hujaishika. Kisha ng'oa vyote viwili, usibakize. Watu wengi wanaacha choki na kuweka balbu mpya, halafu wanashangaa taa inapepesa na kufa. Waya wa umeme uende moja kwa moja kwenye holda, pale balbu inapokaa.

Nunua balbu za LED zenye mguu mnene uleule, mwanga mweupe. Hizo umeme wake ni kidogo. Kofia zisugue, kisha upake rangi nyeupe ndani. Kiwandani zilikuwa futi ishirini na tano kutoka sakafuni. Kwako ziwe mkono mmoja na nusu juu ya majani, zining'inie kwa mnyororo ili uzipandishe miche inapokua. Ziwe mbali zaidi, miche itarefuka tena. Ziwe karibu zaidi, utaichoma.

Kitalu kina maji, na maji hayana urafiki. Kila taa iwe na waya wa kijani wa ardhini. Kila kiungo kiwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha mpira. Cheche ashike ngazi tu. Akitaka kushika kingine, mpe chai ashike kikombe.

Nimechora nyuma ya karatasi hii. Fuata mchoro kama ulivyo, usiongeze kitu, usipunguze kitu.

Kazi njema.

Mjomba wako

—

23 Machi

Mjomba,

Shikamoo nyingi. Mkaza mjomba msalimie, mwambie nimepata ile sufu ya kijani aliyoitaka, nitampelekea. Mtoto wa Cheche ameanza kucheka, na baba yake amerudisha mwili kidogo.

Taa zimewaka. Imenichukua siku kumi na tatu kuanzia niliposhika bisibisi. Kofia zilikuwa na vumbi la pamba lililoganda na mafuta, gumu kama ngozi. Nililikwangua kwa kijiko. Kwenye taa moja, ndani ya lile vumbi, kulikuwa na kipande cha uzi wa bluu, nikakumbuka mwaka ule mlipofuma vitambaa vya bluu vya sare na mama akawa anarudi nyumbani na nyusi za bluu. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Choki nane nimezipanga nje kushikilia wavu usipeperuke. Kapasita nilizigusisha kama ulivyosema, mbili zikatoa cheche, na jirani yetu mwenye jina hilo akaruka nyuma akamwagia paka chai.

Sikukuambia zimetoka wapi. Ni za safu ya sita, zilizokuwa juu ya mashine ya mama. Msimamizi alitaka kunipa za safu ya pili, eti ndizo zilizo karibu na mlango, lakini nilizitaka hizo. Nilikwenda mwenyewe kuzionyesha kwa kidole. Kuna jambo nililiona kule. Kila safu ina kisanduku cha swichi kwenye nguzo yake. Safu ya sita haina. Kuna matundu manne ya skrubu na waya zilizounganishwa kwa tepu nyeusi. Sikuelewa.

Mbegu nilizilowesha tarehe sita, nikazizika tarehe saba. Zimeota arobaini na saba kati ya sitini na moja, Mjomba, za miaka minne. Ningekuwa na mtu wa kumwita aje aone, ningemwita. Taa nimeziacha ziwake tu, mchana na usiku, kama zilivyokuwa kule. Nilipokuwa mdogo nikipita na mama barabarani nilidhani taa za kiwandani ni kama mwezi, hazina mtu wa kuzizima. Zamu tatu, na paa linawaka saa zote. Nataka hizi nyanya nazo zifanye zamu tatu.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Umeandika kuhusu goti, pampu, choki na Cheche. Hukuniuliza mama alikufaje. Sikulazimishi. Nimesema tu kwamba nimeona.

Mpwa wako

—

26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Mwezi umepita na zaidi, sijapata jibu, hata la kunitania. Mimi mwili mzima. Moyo ndio una kazi.

Miche inakufa. Ilianza kwa majani ya chini, yakawa manjano katikati na kijani kwenye mishipa, kama ramani. Halafu yakakakamaa. Nilidhani ni maji, nikapunguza. Nilidhani ni mbolea, nikaongeza. Nilipandisha taa, nikashusha. Arobaini na saba ikawa arobaini, ikawa thelathini na moja. Leo ni kumi na tisa.

Juma lililopita nilimwita bwana shamba. Alipiga magoti, akageuza jani moja upande wa chini, kisha akauliza nazizima taa saa ngapi. Nikamwambia hazizimwi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto halali. Alisema nyanya ni mojawapo ya mimea isiyovumilia hilo. Inahitaji giza la muda wa saa nane kila siku, la sivyo inajichoma yenyewe kwa kula kupita kiasi. Aliuliza nani alinifundisha. Nikasema nimefundishwa na kiwanda.

Alipoondoka nikachukua mchoro wako tena. Nimeuweka mezani hapa. Umechora kila kitu. Umechora mpaka skrubu ya waya wa ardhini, na umeandika pembeni ikazwe kwa kiasi gani. Swichi hakuna. Uliniambia nisiongeze kitu wala nisipunguze, nami sikuongeza. Mjomba, wewe ni fundi wa miaka thelathini. Fundi hasahau swichi.

Cheche hataki kugusa mchoro wako, anasema kazi ya fundi anayeheshimika haichezewi. Kwa hiyo kila jioni nachomoa waya mkuu wa kitalu kwa mkono, nimeufunga mkono mifuko miwili ya plastiki, na kila asubuhi naurudisha. Juzi sakafu ilikuwa na maji, nikahisi kama mtu amenipiga kiwikoni. Nitaendelea hivyo hivyo. Kumi na tisa hizi sitaziacha, hata kama itabidi nichomoe kwa meno.

Kama umekasirika kwa ajili ya lile nililoandika mwisho, nisamehe. Lakini nijibu.

Mpwa wako

—

1 Mei

Usiguse tena waya huo. Nimeitanguliza hii mbele ya salamu. Kila jioni, zima swichi kuu ya nyumba nzima, kaa na mshumaa, ule na mshumaa, mpaka nitakaposema vingine. Barua hii nimempa dereva wa lori la mabomba anayepita kwenu, nimemwambia asimpe mtu mwingine.

Sasa, marahaba. Hatujambo.

Swichi sikuisahau. Nilianza kuichora mara tatu. Karatasi mbili nilizichana. Ya tatu mkono ulifika mwisho wa waya bila kuiweka, nikajiambia atajua mwenyewe. Hukujua, na ungejuaje? Umekulia kwenye nyumba ya watu wa zamu. Halafu ikaja barua ya pili, ukaniambia ni za safu ya sita, nikaiweka juu ya kabati na sikuishusha.

Ule ukumbi wa kufuma hauna madirisha. Fundi akitaka kubadilisha balbu alizima safu moja, mashine zake zikiwa bado zinakwenda, maana kuzisimamisha kulimkasirisha meneja. Kulikuwa na utaratibu. Unasimama kwenye nguzo, unaita, "Safu fulani, nazima." Unaita mara tatu. Wafumaji wanatoa mikono kwenye mashine na kuiinua juu, unaihesabu, ndipo unazima.

Siku ile zamu ilikuwa inakaribia kwisha na nilikuwa na balbu moja imebaki. Niliita mara moja. Sikuhesabu mikono.

Dada alikuwa anaunga uzi uliokatika. Hakupiga kelele. Gizani nilimsikia akisema, "Ngazi, washa." Sauti ile ile aliyokuwa akinitumia tukiwa watoto nikijificha na taa ya kandili.

Mbele ya meneja alisema nimeita mara tatu na yeye amesikia, uzembe ni wake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilinyamaza. Kesho yake nikaing'oa swichi ile, nikaunga waya kwa tepu, ili mtu yeyote asiweze kuizima tena safu ile peke yake. Nilifanya kazi chini ya taa hizo miaka minne mingine. Kila nilipokuja kwenu alinimiminia chai kwa mkono ule, akaniuliza kama nimekula. Ndipo nikaomba kazi huku.

Msibani nilikuja. Nilifika mpaka stendi ya mji wenu. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne, begi langu mapajani. Nilijua nikifika watu watanishika mkono na kuniambia pole, wewe ndiye uliyekuwa kipenzi chake. Nikapanda basi la kurudi.

Sasa unajua. Mpe Cheche karatasi hii ya pili, nimechora swichi na mahali pake. Mwambie nimemruhusu.

Ngazi

—

10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Dereva wa lori alinikuta ninafua, akakataa kuondoka mpaka nimeifungua mbele yake. Nimekaa na barua yako siku tano. Nyumba inawaka mshumaa kila jioni, majirani wanadhani nimekatiwa umeme.

Siwezi kusema sikukasirika. Siku ya kwanza nilikasirika mpaka nikapasua sahani. Nilikuwa na umri wa miaka tisa aliporudi na bandeji. Alinikalisha akanionyesha, akasema kuanzia leo wewe ndiye utakayefunga vifungo vyangu vya mgongoni. Nilivifunga mpaka mwisho. Sikuwahi kusikia jina lako katika habari hiyo hata mara moja, wala siku ya hasira, wala siku za homa.

Msamaha sina wa kukupa, kwa sababu si mimi uliyemkosea. Mwenye nao alikupa mbele ya meneja, na akakupa tena kila alipokumiminia chai. Wewe ndiye uliyekataa kuupokea. Hilo litabaki kati yako na yeye, mimi siwezi kuliingilia.

Lakini miche ishirini na tisa iliyokufa ni yangu. Hiyo ulinikosea mimi, na huyo uliyemkosea bado yuko hai na ana mdomo. Kumi na nane imebaki. Karatasi ya pili sikumpa Cheche. Imo humu ndani, nakurudishia.

Njoo uifunge swichi mwenyewe. Ukifika stendi usikae kwenye benchi, nitakuwa nimesimama pale. Niambie tu siku.

Mpwa wako

—

6 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba aliniandikia kwamba ulirudi salama na kwamba sasa unaoga kama watu wengine. Huku hatujambo. Cheche anamwambia kila mtu kwamba alishika ngazi ya fundi mkuu, na wewe na yeye mnajua ulimpa kikombe.

Nina habari, lakini kwanza nikuambie jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hapa. Jioni ile ya pili, ulipomaliza kuifunga swichi, uliniambia niende ndani nikatazame chakula. Nilikwenda nikarudi. Nilikuwa nyuma ya wavu. Nilikuona umeweka mkono kwenye swichi, mbele yako hakuna mtu, kuna miche kumi na nane. Ukaita, "Safu ya sita, nazima." Ukanyamaza, ukaita tena, ukanyamaza, ukaita mara ya tatu. Nilitaka kukujibu, nikaacha. Sidhani ni sauti yangu uliyokuwa ukiisubiri. Ulisubiri sana, Mjomba. Kisha ukazima, taratibu, na ukabaki umesimama humo gizani mpaka nikasikia maharagwe yanaungua.

Sasa habari. Kwa giza la saa nane majani mapya yalitoka ya kijani kamili. Mche mmoja ulikufa mwezi wa sita kwa kosa langu, nilimwaga maji ya moto nikidhani ni baridi. Kumi na saba imezaa. Nimezikagua zote kama alivyokuwa akifanya, nikazipitia asubuhi na nikazipitia mchana, nikasubiri mvua kubwa inyeshe nikazipitia tena. Sita hazikupasuka hata tunda moja. Nimezifunga utepe. Nimeweka matunda yake rafuni kuanzia tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita, na leo nimeyabonyeza. Ni magumu kama kidevu cha bwana harusi. Ni zenyewe, Mjomba. Hazikubadilika.

Nilikamua mbegu, nikaziacha zichachuke siku tatu, nikaziosha, nikazianika. Nimeacha kuzihesabu baada ya elfu mbili. Unajua kosa la mama lilikuwa nini? Mbegu zote ziliishia kwenye kifuniko kimoja, katika nyumba moja, mkononi mwa mtu mmoja. Mimi nimezigawa. Wauzaji wanne wa sokoni wamechukua, bwana shamba amechukua, mke wa Cheche amechukua kwa sharti kwamba mumewe asizimwagilie. Na wewe umo kwenye bahasha hii ndogo. Nimekuwekea hamsini. Huko kwenu jua lipo la kutosha, huhitaji taa. Wavu ndio unaohitaji, na nimemwambia mkaza mjomba anunue.

Usizipande zote mara moja. Otesha kumi na mbili kwanza. Uniandikie zimeota ngapi.

Mpwa wako

—

3 Septemba

Bi Maswali,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anasema asante kwa sufu, ameshaanza kufuma kitu, hataki kusema ni cha nani, lakini kina mikono mifupi na mimi nina mikono mirefu. Mota yenye kiburi imeungua. Sikulia.

Nimezizika tarehe kumi na tisa ya mwezi uliopita, mbegu kumi na mbili kama ulivyoagiza, kwenye sanduku nililolitengeneza kwa mbao za kreti, nyuma ya nyumba ya pampu. Wavu nimeuweka mara mbili. Kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu nakwenda kutazama, na msimamizi wangu ameanza kuniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

Zimeota kumi na moja. Ya kumi na mbili bado naipa nafasi.

Leo asubuhi nilichuchumaa pale, nikajikuta nataka kumwambia dada. Kumwambia tu kwamba zimeota huku pia, mbali hivi, kwenye udongo mwekundu. Nikakumbuka kwamba sijui hata siku zake za mwisho zilikuwaje. Miezi kumi na mbili sasa, na wewe uliniambia tangu mwanzo kwamba umeona siulizi.

Nauliza sasa. Niandikie yote. Alianza kuumwa lini, nani alikuwa naye, maumivu yalikuwa wapi, alikula nini mara ya mwisho, alimtaja nani. Usinifupishie na usinihurumie. Nimeshamwambia msimamizi kwamba siku barua yako itakapofika, sitakwenda kazini.

Mjomba wako